Kabla ya kusema "picha nzuri": namna ya kutoa na kupokea maoni juu ya picha za ridhaa

Jua linapoanza kushuka Forodhani, Unguja, vijana wa makachu, yaani wanaoruka na kujitupa baharini kwa madoido, hujipanga kwenye ukingo wa ukuta wa bahari, na nyuma yao hujipanga watu wenye simu na kamera, wageni kwa wenyeji, kila mmoja akisubiri mruko. Usiku huohuo picha hizo huonyeshwa kwa jamaa na marafiki, na majibu yanayorudi huwa ya namna mbili. La kwanza ni "Mashallah, picha nzuri", na la pili ni "Giza mno, hata sura hazionekani." Jibu la kwanza ni dua na ni uungwana, na la pili huenda lina ukweli ndani yake, lakini aliyepiga picha hiyo akirudi Forodhani kesho yake hana jipya la kufanya kwa mikono yake. Mwongozo huu ni kwa ajili ya watu wanaopiga picha kwa mapenzi, si kwa mshahara, na ambao wanataka kusaidiana kweli. Ninachokishikilia ni kimoja: maoni yenye faida huanza kwa kuisoma picha na kumsikiliza aliyeipiga, na huishia kwenye jambo moja ambalo mtu anaweza kulijaribu safari ijayo.

Kuisoma picha kabla ya kuihukumu

Hakikisha kwanza kwamba unaitazama picha yenyewe. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa, na vitu vidogo kama kope, darizi za kofia na matone ya maji huvurugika, kwa hiyo mtu anaweza kulaumiwa kwa ukungu ambao hakuuleta yeye. Mwombe akutumie kama faili, au itazame kwenye kifaa chake. Kaa kivulini, ongeza mwanga wa kioo cha simu, na uitazame picha kwa dakika nzima bila kusema neno. Wengi wetu hatujawahi kuitazama picha ya mwenzetu kwa dakika nzima, na ndiyo maana maoni yetu hufanana bila kujali picha iliyo mbele yetu.

Kisha sema kwa sauti unachokiona, kama anayemsimulia mtu aliye upande wa pili wa ukuta. "Naona vijana watatu. Wawili wameshaachana na ukuta, wa tatu bado amekunja magoti. Jua liko nyuma ya jahazi. Jicho langu lilianza kwenye nyayo za huyu wa kulia, likaenda kwenye tanga, halafu likakwama kwenye taa ya bustani iliyo pembeni." Hapo hujasifu wala hujalaumu, lakini umeshampa mwenzako kitu ambacho hawezi kukipata peke yake, maana kinyozi hajinyoi. Yeye alikuwapo: anakumbuka kelele, upepo na shangwe ya watu, na kumbukumbu hizo humjazia mapengo ya picha yake kila anapoitazama. Wewe huna ila kilichomo ndani ya fremu. Ile taa ya bustani hakuiona kabisa alipobonyeza, na sasa ameiona.

Mfano ninaopenda kuutumia ni picha ya Martin Munkácsi, mpiga picha mzaliwa wa Hungaria, aliyoipiga karibu na mwaka 1930, na ambayo imezoeleka kuitwa picha ya wavulana watatu wa Ziwa Tanganyika. Wavulana hao wanakimbilia mawimbi, tunawaona kwa nyuma, miili yao imekuwa vivuli vyeusi mbele ya povu jeupe, na hakuna uso hata mmoja unaoonekana. Mtu mwenye haraka angesema palepale kwamba ni giza na sura hazionekani. Lakini Henri Cartier-Bresson, Mfaransa ambaye baadaye alikuja kuwa miongoni mwa wapiga picha walioheshimiwa zaidi duniani, aliiona mwanzoni mwa miaka ya 1930 na akaeleza kwamba ndiyo iliyomtia moto wa kupiga picha. Weusi uleule ndio unaofanya mikono, miguu na matone ya maji visomeke kama mwandiko kwenye karatasi. Kwa hiyo, mtu akikuletea picha ya makachu iliyopigwa dhidi ya jua la magharibi, "sura hazionekani" si kosa mpaka kwanza ujue kama alizitafuta sura.

Hilo hujulikana kwa kuuliza, na namna ya kuuliza ni muhimu kuliko tunavyofikiri. "Kwa nini umefanya hivi?" ni swali la baraza la mashtaka, na anayeulizwa huanza kujitetea. Uliza badala yake, "Ulipoinua kamera, ni nini kilichokuvuta?" Nimewahi kumuuliza hivyo binti mmoja aliyekuwa na picha ya makachu iliyokuwa giza tupu, nikitegemea atazungumzia mruko. Akasema alivutwa na uso wa yule kijana aliyebaki nyuma, kwa sababu alionekana kuogopa. Basi pale pale maoni yakabadilika. Kama angetaka umbo la mruko, picha ilikuwa imefaulu. Kwa kuwa alitaka hofu ya yule kijana, alikuwa amesimama upande usiofaa wa jua, na alihitaji kutembea hatua kumi kando ili mwanga uuguse ule uso. Picha ni ileile, na ushauri umetofautiana kabisa.

Maneno yanayogusa mwanga

Katika mwambao wetu sehemu kubwa ya maoni huishia kwenye mwanga, na hapa ndipo maneno ya jumla hudhuru zaidi. Kumwambia mtu "piga kwenye mwanga mzuri" hakumsaidii. Unguja iko digrii 6 hivi kusini mwa Ikweta. Jua letu hupanda karibu wima na kushuka karibu wima, kwa hiyo tangu libaki digrii 15 juu ya bahari hadi kuzama ni muda wa saa moja tu hivi, wakati katika nchi za kaskazini mwanga huo laini hudumu zaidi. Miongozo mingi iliyoandikwa huko haizingatii jambo hili. Ushauri unaofaa kwetu una saa na mahali ndani yake: "Hapa palepale, njoo saa kumi na moja na nusu jioni, mwambie muuza urojo ageukie baharini, wewe usimame mgongo wako ukiwa baharini." Na kama picha imepigwa saa saba mchana, onyesha madhara yake kwa kidole: kivuli cheusi chini ya nyusi, chini ya pua na chini ya ukingo wa kofia. Mtu akishaviona vivuli hivyo mara moja hataacha kuviona tena.

Jambo la nyuso zetu linahitaji uangalifu wa peke yake. Nimesikia mara nyingi mtu akiambiwa, "Huyu umemtoa mweusi mno," na nimeona aliyepigwa picha, ambaye alikuwa ameketi pembeni, akiinamisha kichwa. Maneno hayo yanaibebesha ngozi lawama ya kipimo cha mwanga. Kamera hupima kana kwamba kila inachokitazama, kikichanganywa chote, kina mng'ao wa kijivu cha wastani. Ukimweka mtu mwenye kanzu nyeupe mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, kamera huuona weupe mwingi, hupunguza mwanga wa picha nzima, na uso ndio unaolipa. Sema hivyo: "Uso umekosa mwanga kwa sababu ukuta umeidanganya kamera. Safari ijayo gusa uso kwenye kioo cha simu halafu pandisha mwanga kidogo, au kwa kamera ongeza kipimo cha mwanga kwa +1, na ukubali ukuta uungue kidogo, yaani uwe mweupe mtupu." Njia nyingine ni kumhamishia barazani, kivulini, ambako uso na ukuta hukaribiana kwa mwanga. Inafaa pia kumweleza mwanafunzi kwamba tatizo hili lina historia: kwa miongo mingi maabara za kusafishia picha za rangi zilirekebisha rangi zake kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, na ngozi nyeusi ikabaki kutoka vibaya bila wakubwa wa kazi hiyo kujali. Kijana anayeona nyuso za ndugu zake zikitoka bila umbo asidhani kwamba kasoro iko kwenye nyuso hizo.

"Haiko shapu" haitoshi

Neno jingine linalotupwa ovyo ni kwamba picha "haiko shapu". Kuna hali tatu zinazofanana kwa mbali, na kila moja ina dawa yake. Kama kila kitu kimechorwa mara mbili, ukuta na watu na taa, basi mkono ulitikisika. Kama ukuta umetulia lakini kijana anayeruka amekuwa kama moshi, mkono ulikuwa imara na kasi ya kamera, yaani wepesi wake wa kufunguka na kufunga, ndiyo iliyokuwa ndogo. Na kama kijana ana ukungu lakini jahazi lililo nyuma yake linaonekana hadi kamba zake, fokasi ilikwenda kusikotakiwa. Anayetoa maoni anapaswa kusema ni ipi kati ya hizo, na mara nyingi hahitaji kubahatisha, kwa sababu faili ya picha huhifadhi kasi, tundu la lenzi na ISO iliyotumika, yaani kiasi ambacho kamera iliongezewa wepesi wa kuhisi mwanga. Ifungueni pamoja. Mkikuta kasi ni 1/30 ya sekunde, hakuna ubishi tena: mtu anayeruka huhitaji 1/500 au zaidi, na hata kwa kitu kilichosimama, lenzi ya milimita 50 inayoshikwa kwa mkono hutaka angalau 1/50.

Jioni ikiingia, kasi hiyo hulazimu ISO kupanda, na picha hupata chengachenga, vile vidoa vidogo kama mchanga. Mimi huwaambia watu wazikubali. Chengachenga juu ya mruko uliokamatwa vizuri hazimsumbui mtazamaji, lakini mruko uliofutika hauwezi kurudishwa na programu yoyote. Wengine hawakubaliani nami katika hili, na ni haki yao. Muhimu ni kumwambia mwenye picha kwamba hapo ninazungumzia ninachopendelea, ilhali kuhusu 1/30 nilikuwa ninazungumzia kilichotokea. Asipotenganishiwa mambo hayo mawili, ataondoka akidhani kila tulichosema ni sheria.

Makosa ya mpangilio husemwa kwa ufupi zaidi, na kwa kugusa mahali: upeo wa bahari umelala upande, nguzo ya umeme imeota kichwani mwa bibi harusi, fremu imemkata mvuvi kwenye kifundo cha mkono. Usimkaririshe mtu kanuni ya kugawa picha katika sehemu tatu na kumweka mhusika kwenye mstari wa mgawanyo kama huwezi kumwonyesha, kwa kuziba sehemu ya picha kwa kiganja chako, kwamba picha hii ingeimarika kwa kuifuata.

Nani anamwambia nani, na wapi

Katika kundi letu dogo linalokutana Jumapili kuna mzee aliyestaafu na kuna wanafunzi wa sekondari, na ingekuwa uongo kudai kwamba umri hauhesabiki tunapokaa. Kijana hawezi kumwambia mzee kwamba amekosea, na sioni haja ya kumlazimisha. Kueleza anachokiona, hata hivyo, hakumvunjii mzee heshima. Nilimsikia binti wa miaka kumi na saba akisema, "Ami, nikiitazama hii picha jicho langu linakimbilia kwenye ndoo ya bluu kabla ya kufika kwa mvuvi. Ndoo uliikusudia?" Mzee akaitazama, akanyamaza, akasema, "Hapana mwanangu, sikuiona." Heshima ilibaki mahali pake na picha ikasahihishwa. Mzee naye ana wajibu mkubwa zaidi, kwa kuwa neno lake ni zito: awe wa mwisho kusema, la sivyo wote watakaofuata watarudia alichosema yeye.

Kasoro kubwa isemwe faraghani. Watu wetu wanajua thamani ya kusitiriana, na mpiga picha anayeanza, akivuliwa nguo mbele ya kumi, hatarudi na picha nyingine hata kama kila kilichosemwa kilikuwa kweli. Zungumza juu ya picha, usizungumze juu ya mtu. "Fremu imebana upande wa kushoto" husikika, lakini "wewe hujui fremu" hufunga masikio. Sifa nazo ziwe na mahali pa kushikwa. Ukisema "nzuri" tu, mwenzako hajui arudie kipi. Ukisema "umesubiri mpaka kanga ikapeperuka upande wa dirisha, na ndiyo inayonipeleka kwenye uso wake", atasubiri tena safari nyingine. Jambo moja au mawili yanatosha kwa kikao kimoja. Mtu aliyebebeshwa kasoro saba hurudi nyumbani bila hata moja.

Ushauri mmoja ningependa uachwe kabisa, nao ni "nunua kamera nzuri". Huvunja moyo, humwambia asiye na fedha kwamba hana nafasi, na karibu kila mara si kweli, kwa sababu kusimama, kusubiri na kuchagua mwanga hakuna bei.

Lipo hata hivyo eneo ambalo sitaki maneno yapakwe asali, nalo ni heshima ya aliyepigwa. Muulize mwenye picha: je, mtu huyu anajua kwamba alipigwa, na akiiona picha hii atafurahi? Mchukuzi aliyelala juu ya magunia akiwa ameachama, mtoto wa mtu aliyepigwa akioga, mwanamke aliyepigwa ndani ya sherehe ya harusi ya wanawake ambako alijua yuko miongoni mwa wenzake: picha hizo zinaweza kuwa na mwanga wa ajabu na mpangilio usio na doa, na bado jibu sahihi ni kwamba zisionyeshwe kwa yeyote. Liseme hilo kwanza, kabla ya mwanga na kabla ya fokasi, na ulieleze kwa utulivu bila kulizungukia.

Unapoketi upande wa pili

Kupokea maoni ni kazi, na huanza kabla hujaitoa picha. Leta tatu, usilete thelathini. Anayeletewa thelathini huchoka kwenye ya kumi, na wewe mwenyewe utakuwa umemwachia kazi ya kuchagua, ambayo ni nusu ya upigaji picha. Uliza swali lenye mipaka: badala ya "mnaionaje?", uliza "je, jicho lenu linafika kwenye mkono wa huyu mama, au linapotea njiani?" Baada ya hapo nyamaza. Usieleze mazingira, usiseme kwamba mvua ilikuwa inanyesha au kwamba betri ilikuwa inakwisha, kwa sababu picha itakapokuwa peke yake ukutani hutakuwapo kuieleza.

Nilichelewa kulijua hilo. Miaka kadhaa iliyopita mtu aliyenitangulia sana katika kazi hii aliniambia kwamba picha yangu ya soko la samaki "haina mtu ndani yake". Ilikuwa na watu kama arobaini. Nilibishana naye kwa muda mrefu, nikamhesabia nyuso, nikaondoka na uchungu ambao nilitembea nao kwa miezi. Siku nilipoitazama tena bila hasira nilielewa: watu arobaini, na hakuna hata mmoja niliyemkaribia kiasi cha kumjua anafanya nini. Kama ningemuuliza palepale, "Unaweza kunionyesha mahali hasa?", ningeipata faida hiyo siku ileile. Na yeye pia, kama angelisema kwa maneno marefu kidogo, angeniokolea miezi hiyo.

Andika unachoambiwa, kwa maneno yao, na usiamue lolote mpaka kesho yake. Utakapoyasoma, tenganisha walichokiona na dawa walizopendekeza. Wakijikwaa watu watatu kwenye jiwe moja, jiwe lipo, hata kama wa kwanza anakuambia ukate picha, wa pili anakuambia uifanye nyeusi na nyeupe, na wa tatu anakuambia uitupe. Waamini kuhusu jiwe. Dawa uichague mwenyewe. Maoni yanayopingana kabisa, ambapo mmoja anapenda kile ambacho mwingine anakichukia, mara nyingi huhusu ladha, na hapo rudi kwenye lile swali la nini kilichokuvuta, ukalijibu kabla hujaugusa uhariri.

Kisha rudi mahali palepale, saa ileile, na ubadilishe kitu kimoja tu. Ukibadilisha lenzi, upande wa kusimama na saa kwa pamoja, hutajua ni kipi kilichosaidia. Peleka picha zote mbili, ya kwanza na ya pili, zikasafishwe kwa ukubwa wa kawaida wa inchi 4 kwa 6, kwa sababu karatasi haina mwanga wake yenyewe na huonyesha giza ambalo kioo cha simu hulificha. Ziandike nyuma kwa kalamu: tarehe, saa, na kitu kilichobadilishwa. Mpelekee yuleyule aliyekupa maoni, ziweke barazani sambamba bila kumwambia ipi ni ipi, na umwache azitazame kwa dakika yake nzima.